Mtani wa Kocha Yordani

Katika shamba la mkonge la Kwezigo, kati ya Korogwe na Handeni, Mhina alijulikana kwa vitu viwili: kamba na ulimi. Kamba alizisokota kwa mikono katika kibanda chake nyuma ya korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, akitumia singa, yaani nyuzi za mkonge, zile fupi zilizokataliwa na wapanga madaraja. Alitengeneza kamba za kufungia marobota, hatamu za punda wa kubebea maji, na kila baada ya miezi mitatu nyavu mbili za kuning'iniza kwenye vikapu vya kiwanja cha mpira. Alikuwa akisema kwamba mpira ukipita ndani ya wavu wa Mhina unatoka na adabu. Ulimi hakujifunza popote. Alitoka nao kwao Misima, na hata mama yake mzazi aliuogopa.

Kiwanja chenyewe kilijengwa na Mgiriki aliyekuwa mwenye shamba. Huyo hakutaka wafanyakazi wacheze kandanda, kwa sababu mpira ulikuwa ukiingia kwenye maua ya mkewe, akaona bora wacheze mpira wa kikapu, ambao huenda juu na kurudi palepale. Mashamba yalipotaifishwa mwaka sitini na saba, Mgiriki alikwenda zake, maua yakafa, nguzo mbili na mbao zake zikabaki. Shirika lililoshika shamba likaona si vibaya watu wakawa na timu. Timu ikaitwa Singa, ikatafutiwa na kocha wa kulipwa, jambo ambalo mashamba ya jirani hayakuwahi kuliota. Kwenye karatasi aliandikwa msaidizi wa stoo, lakini kila mtu alijua kwamba mshahara wake ni wa mpira, na hakuna aliyewahi kumwona akishika hata msumari wa stoo.

Kocha huyo aliitwa Yordani, Mnyamwezi wa Sikonge, mtu mfupi mwenye miguu ya matege na kofia ya karakana ya reli, kwani huko kwenye karakana ya Dar es Salaam ndiko alikojifunzia mchezo. Siku aliyoshuka kwenye lori la shamba na sanduku lake, Mhina alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda. Alimtazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Kumbe punda wametuishia," alisema Mhina, "mpaka tumeagiza Mnyamwezi."

Yordani aliweka sanduku chini polepole. "Wewe Mzigua?"

"Wa Misima."

"Basi nimefika. Babu yangu alipopita kwenu na pembe za ndovu mwaka wa njaa, alinunua Mzigua kwa kibaba cha mtama, akamsahau njiani. Nimetumwa nije nione kama bado anafanya kazi."

Mhina alicheka mpaka akakaa chini. Siku hiyohiyo Yordani alikula kwa Mhina bila kukaribishwa, akachukua na kuku mmoja wa Zamda, mke wa Mhina, akaondoka naye kwapani, na Zamda akampungia mkono. Ndiyo desturi. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipopigana vya kutosha na kuzikana vya kutosha, wakakubaliana kwamba kutukanana kunatosha. Mtani wako anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya mkweo, na ukinuna wewe ndiye mjinga. Lakini ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika.

Yordani alifika. Mama yake Mhina alipozikwa Misima, Yordani alitembea kutoka Kwezigo alfajiri, akawapita ndugu wote waliojikunja kwa huzuni, akaruka ndani ya kaburi na kulala chali. Alisema hatoki. Alisema bibi huyu alimwahidi ndoa, na sasa familia inataka kumnyang'anya mchumba. Walimbembeleza, wakampa jogoo, akasema mdogo, wakampa mwingine, ndipo akatoka akijifuta udongo. Mhina alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka. Kaka zake wawili walikuwa wamekwisha kufa, mtoto wa kiume hakuwa naye, na tangu siku hiyo alijiambia kwamba yupo mtu mmoja duniani atakayelala kwenye kaburi lake yeye. Hakumwambia Yordani jambo hilo. Mambo kama hayo mtani haambiwi.

Miaka mitano ilipita hivyo, ya matusi na kuku. Kisha, mwaka wa sabini na mbili, Singa ilifungwa michezo sita mfululizo, na hapo ndipo mashabiki wa Kwezigo walipogundua kwamba wana akili.

Walikuwa wakikusanyika kila jioni kwenye kibaraza cha Abdi kinyozi. Hawakuja kunyolewa, na nusu yao walikuwa na vipara. Walikuja kuamua kama kocha abaki au aondoke. Mkubwa wao alikuwa Muhidini, karani wa mizani, mtu wa Magoma, aliyeweka kalamu mbili mfukoni ingawa moja haikuwa na wino. Muhidini alikuwa ameangalia mpira wa kikapu kwa miaka mitano, na bado aliamini kwamba mpira ukigonga ubao bila kuingia, timu inastahili angalau nusu ya pointi.

"Tatizo ni urefu," alisema Muhidini. "Huu ni mchezo wa warefu. Pale getini tunaye Moreto, mlinzi, Mmasai mzima, akisimama kichwa kinagusa bati. Kocha amemchezesha? Hajamchezesha. Kwa nini? Dharau."

"Moreto alicheza mpira lini?" aliuliza Abdi.

"Mtu mrefu hafundishwi. Anasimamishwa tu chini ya kikapu."

Moreto mwenyewe alikuwa amesimama pembeni akisubiri kununua ugoro. "Mimi sijaomba," alisema. "Siku ile mliyonipeleka, ule mpira ulinipiga pua. Siutaki."

"Mnaona?" Muhidini aliwageukia wenzake. "Ameshamvunja moyo."

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja nzito kuliko zote. Nyingine zilikuwa hivi. Mzee mmoja wa chumba cha brashi, kule singa zinakosafishwa, alitaka Yordani afukuzwe kwa sababu hapigi kelele mchezo unapoendelea, na kocha asiyepiga kelele analipwa kwa lipi. Dereva wa trekta alitaka abaki, maana akija kocha mpya atahitaji nyumba, na nyumba pekee iliyo tupu ndiyo aliyofungia mbuzi wake. Mwingine alisema abaki lakini asifundishe. Waliongea hivyo kwa wiki tatu, na katika wiki hizo tatu hakuna hata mmoja aliyekwenda kutazama mazoezi, ingawa kiwanja kilikuwa hatua sitini kutoka kwa kinyozi.

Mhina alikaa kati yao akisokota kamba juu ya paja, akiwadharau kwa moyo mweupe. Yeye mazoezi aliyaona kila siku kutoka kibandani. Alijua kwamba wachezaji wanne wazuri walikuwa wamechukuliwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, kwamba korona imebadilisha zamu na vijana wanafika kiwanjani wamechoka hoi, na kwamba wale wapya Yordani aliokuwa akiwafundisha walikuwa wameanza kupeana mpira bila kutazamana. Ilihitajika mwaka mmoja, labda miezi. Alijua pia kwamba kumweleza Muhidini hayo ni kumpigia mbuzi gitaa. Basi, badala ya kueleza, alifanya alichokizoea. Kila walipomwuliza, alimtukana Yordani kupita wao wote.

"Fukuzeni," alisema Mhina. "Mnyamwezi gani hawezi hata kubeba kikombe cha ushindi, na babu zake walibeba sofa za Wazungu?"

Walicheka, na Mhina aliona kwamba wakishacheka, hawafukuzi. Aliona hivyo jioni ya kwanza, ya pili na ya ishirini. Mtu akishajiona mjuzi wa jambo huacha kulitazama, na Mhina alijiona mjuzi wa kicheko.

Wakati huo chama kilikuwa kimetoa maelekezo kwamba kiongozi wa mahali pa kazi asiwe na majivuno wala dharau kwa walio chini yake. Maelekezo mazuri, na shamba lilikuwa na mameneja waliostahili kusomewa kila asubuhi. Lakini Muhidini hakuwa na ujasiri wa kumshtaki meneja. Alikumbuka kwamba siku moja Yordani alimwambia mbele za watu, "Kaa chini, karani, mizani yako haipimi mpira." Basi akaitoa ile kalamu yenye wino, akaandika barua makao makuu ya shirika huko Tanga, akisema kwamba kocha wa Kwezigo ana dharau kwa wafanyakazi na anaua timu yao. Wenzake kumi na saba walitia sahihi. Wawili kati yao walidhani ni barua ya kuomba blanketi.

Jibu lilikuja kwamba afisa atafika Jumamosi kuendesha kikao, kila mtu atasema, na uamuzi utatolewa papo hapo. Yordani akiondolewa asingekuwa na kazi nyingine ya kurudia, maana stoo hakuijua. Nyumba ya kambini angetakiwa kuiacha wiki hiyohiyo.

Ijumaa mchana, Yordani alikuja kibandani. Alivua kofia, jambo ambalo hakulizoea, akakaa juu ya rundo la singa.

"Kesho, kama wakikupa nafasi," alisema, "usiseme kitu."

"Mtumwa ananipangia la kusema."

"Mhina, nakuomba. Nyamaza tu."

Mhina aliendelea kusokota. "Nikinyamaza, nani atawaeleza ulivyo mjinga? Wewe mwenyewe huwezi, huna akili ya kutosha."

Yordani alitabasamu kidogo, akavaa kofia, akaondoka. Hakuchukua kitu kibandani, hata kipande cha kamba. Katika miaka mitano hakuwahi kutoka humo mikono mitupu, na Mhina hakuliona hilo, kwa sababu kichwani tayari alikuwa akipanga maneno ya kesho.

Alikuwa na mpango, na alijivunia. Kwao Misima alipokuwa kijana aliwahi kuona kesi ya mtu aliyeshikwa na mbuzi wa watu. Baraza zima lilikuwa limepandwa na hasira, wengine wameshika fimbo. Akasimama mtani wa yule mwizi, akasema, "Mnangoja nini? Mchinjeni. Mimi naomba paja, ila mlichemshe sana, watu wa ukoo huu wana nyama ngumu." Watu wakaangua kicheko, fimbo zikashuka, kesi ikaisha kwa faini na yule mtu akaishi mpaka akazeeka. Ndivyo mtani anavyookoa. Anasema baya kuliko yote, halafu hakuna anayebaki na la kusema. Jioni hiyo alimweleza Zamda mpango huo, akimtajia na maneno yenyewe. Zamda alikuwa akipepeta mchele, akaacha.

"Huyo afisa kabila gani?"

"Nitajuaje? Mtu wa Serikali."

"Serikali haina mtani, baba," alisema Zamda, akarudi kwenye ungo wake.

Mhina alimwona mwanamke asiyeelewa mambo ya mikutano. Alioga, akanyoa ndevu, akalala vizuri.

Kikao kilifanyika katika ghala la marobota. Afisa aliitwa Ponsiano, mtu wa kutoka nchi za ziwa, mbali sana, kijana bado, mwenye viatu alivyovipangusa mara mbili kabla ya kuingia. Alikaa nyuma ya meza iliyofunikwa kitambaa cha kijani, akafungua daftari, akasema kwamba hapa hakuna mkubwa wala mdogo, kila ndugu aseme ukweli, na kila kitakachosemwa kitaandikwa. Alisema neno hilo la kuandikwa mara tatu. Yordani alikaa kwenye kiti cha pembeni, kofia magotini.

Muhidini alianza. Aliongea juu ya urefu, juu ya Moreto, juu ya dharau. Ponsiano aliandika kidogo. Mzee wa brashi akasema habari za kelele. Dereva wa trekta akamtetea Yordani kwa nguvu sana, bila kutaja mbuzi. Moreto aliitwa, akasema haelewi kwa nini jina lake limo. Ponsiano alianza kuwatazama kwa macho ya mtu aliyepanda basi kutoka Tanga kwa ajili ya upuuzi. Alifunga kalamu.

"Ninavyoona," alisema, "hapa kuna timu iliyofungwa na watu wasiopenda kufungwa. Hilo si kosa la mtu kufukuzwa kazi. Kuna mwenye neno la mwisho?"

Mwenye akili angekaa. Kesi ilikuwa imekufa, imelazwa, imebaki kufukiwa. Lakini Mhina alikuwa na hotuba, alikuwa amenyoa ndevu kwa ajili yake, na ghala zima lilimgeukia. Yordani aliinua kichwa akamtazama. Mhina aliliona jicho lile, akalisoma kama la mtani anayesema njoo.

Akasimama. "Ndugu afisa, hawa wanakudanganya, wanamwonea huruma. Mimi ndiye ninayemjua, anakula kwangu. Huyu hajui mpira hata kidogo. Alikuja hapa akifuata harufu ya ugali. Wakati wa mazoezi analala, vijana wanamzunguka ili wasimkanyage."

Kicheko kikapasuka upande wa Wazigua, kikaenda mpaka nyuma. Mhina akapata moto.

"Mchele wa wachezaji wa Jumamosi nani anaumaliza? Yeye. Ndiyo maana vijana hawaruki, wana njaa. Karakana ya reli alikuwa akifagia, hiyo kofia aliiokota. Na mchezo wa mwisho, wale wa Tanga walimpa jogoo ili tufungwe, na jogoo mwenyewe alikuwa mgonjwa. Mfukuzeni. Au mnirudishie mimi, ni mali ya babu yangu."

Watu walikuwa wanajipiga mapaja. Mhina alibaki amesimama, akitabasamu, akimngoja Yordani aseme lake, maana matusi ya utani bila majibu ni wimbo bila kiitikio. Angesema lolote, hata neno moja, kibaba cha mtama, na wote wangeelewa. Yordani hakusema. Hakuwa akimtazama Mhina hata kidogo. Alikuwa akiitazama kalamu ya Ponsiano, ambayo ilikuwa imefunguliwa tena na inakwenda mbio.

Ponsiano hakucheka. Alimaliza kuandika, akapiga mstari. "Jina lako?"

"Mhina. Fundi kamba."

"Una uhusiano gani na kocha?"

Kabla Mhina hajajibu, Muhidini aliinuka. Baba yake Muhidini alikuwa Mzigua, alizikwa na watani, na alichokuwa akikisikia alikijua vizuri kuliko alivyojua mizani. "Ndiye rafiki yake mkubwa, ndugu afisa," alisema. "Hapa kambini hana mwingine."

"Kweli?"

"Kweli," alisema Mhina, "lakini ndugu afisa, hayo ni utani. Huyu ni Mnyamwezi, mimi Mzigua."

"Sikuuliza kabila. Taifa hili halifanyi kazi kwa makabila." Ponsiano aligeuza ukurasa. "Umesema au hukusema kwamba alikula chakula cha wachezaji?"

"Nimesema, ila..."

"Umesema au hukusema kwamba alipokea zawadi kutoka kwa wapinzani?"

"Jogoo. Nimesema jogoo."

"Jogoo ni zawadi."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Wazigua waliokuwa wakijipiga mapaja walitazama miguu yao, maana hakuna aliyetaka kuulizwa kabila na kuambiwa anarudisha nchi nyuma. Abdi kinyozi, ambaye kila jioni kwa wiki tatu alisikia matusi yaleyale na kujua ni ya nini, aligundua ghafla kwamba kiatu chake kina mchanga. Mhina aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa amewadharau maisha yake yote kwa ujinga wao, na sasa alihitaji mmoja tu aseme neno la mtu mwenye akili. Hawakuwa nalo, au walikuwa nalo wakalikalia.

Ponsiano alimgeukia Yordani. "Ndugu, una la kujibu?"

Yordani alisimama. "Sikula mchele wa mtu," alisema. "Jogoo hakuna." Akakaa.

Basi Ponsiano akasoma alichoandika, kwa sauti, kwamba ndugu Mhina, rafiki wa karibu wa kocha, amethibitisha mbele ya wafanyakazi kuwa kocha hana ujuzi, hulala kazini, hula chakula cha timu na alipokea zawadi ya wapinzani. Alisema yeye alikuwa tayari kumwacha, lakini ushahidi wa rafiki haupingiki, kwa sababu rafiki hana sababu ya kusingizia. Ajira ilikoma tangu siku hiyo. Alimshukuru Mhina kwa ujasiri wake, akampa mkono, na Mhina, asijue mkono wa afisa unakataliwaje, akaupokea.

Katika siku nne zilizofuata, kabla Yordani hajasafiri kurudi kwao, Mhina alikwenda nyumbani kwake mara tatu. Mara zote alikuta mlango umerudishwa na majirani wakisema amekwenda kuaga. Alikwenda kwa meneja, akaambiwa faili limeshapelekwa Tanga. Alikwenda kwa Abdi, akawakuta mashabiki wakijadili kocha mpya awe mrefu kiasi gani. Muhidini alimkaribisha kiti. Mhina alikitazama kile kiti, akatema mate chini, akaondoka. Walisema ameanza kuringa tangu afisa ampe mkono.

Jumatano alidandia lori la marobota mpaka stesheni ya Korogwe. Yordani alikuwa amekaa juu ya sanduku lake jukwaani, mgongo kwenye ukuta, akisubiri treni ya Dar es Salaam, na kutoka huko aunganishe kwenda Tabora. Mhina alimkaribia kwa nyuma akafanya alichokifanya mara mia: alimpokonya kofia kichwani, akaivaa.

"Mwizi wa mchele," alisema. "Unatoroka na kofia ya watu."

Katika siku za kawaida Yordani angeruka, angemshika shati, angemwita maiti ya Kizigua, angechukua kofia na mkanda juu yake. Abiria wangegeuka kutazama. Sasa aliinuka kutoka kwenye sanduku taratibu, akajifuta suruali, akampa mkono, mikono yote miwili, kama mtu anavyowasalimu wakubwa wa ukweni.

"Shikamoo, mzee Mhina," alisema.

Mhina hakuitikia. Watani hawaamkiani, na alijua kuitikia marahaba ni kukubali kwamba utani umekwisha.

"Umesumbuka kuja. Nashukuru kwa wema wenu wote. Mama Zamda msalimie sana. Chakula chake sitakisahau."

"Yordani, nitukane."

"Hapana, mzee."

"Mimi nilitaka kukuokoa. Kwetu ndivyo anavyookolewa mtu."

"Najua," alisema Yordani, na ilionekana kweli anajua. "Nilikuomba unyamaze. Mara moja tu, miaka mitano, nilikuomba kitu bila kukutukana."

Treni iliingia. Mhina alivua kofia akaishika mbele yake. Yordani aliitazama kidogo.

"Kaa nayo, mzee. Ubaki salama."

Alipanda na sanduku lake. Mhina alisimama jukwaani, akitembea sambamba na dirisha, kwa maana alikuwa bado na imani. Alijua tabia ya watani. Wengine huweka tusi lao hadi treni ing'oke, ili mwenzao asipate nafasi ya kujibu, na hilo ndilo huwa tamu. Behewa la Yordani lilimpita. Yakapita mengine manne na behewa la mizigo. Mtu mmoja asiyemjua alitoa kichwa dirishani kununua ndizi. Hakuna aliyemwita mtumwa.

Alirudi Kwezigo jioni kwa miguu nusu ya njia. Zamda alikuwa ameweka chakula, na pembeni, kwa mazoea, sahani ya tatu ikiwa imefunikwa. Aliiona kofia mkononi mwa mumewe, akapumua, kwani alidhani watani wamepokonyana kama zamani na mambo yamekwisha.

"Amekutukana?" aliuliza.

"Hapana," alisema Mhina. "Ameniamkia."

Zamda akaichukua ile sahani ya tatu, akarudisha wali chunguni.